Wiki ya migahawa: punguzo linalouza viti vitupu

BIASHARA ya mgahawa ina kasoro moja ambayo muuza sukari au mabati hanayo. Mfuko wa sukari usiponunuliwa leo utanunuliwa kesho. Kiti cha mgahawa kilichokaa kitupu saa mbili usiku wa Jumanne hakiuzwi tena. Usiku ule umekwenda, na kodi ya pango, mshahara wa mpishi na umeme wa majokofu ya usiku ule vimekwenda nao.

Juu ya kasoro hiyo ndipo ulipojengwa utaratibu ambao sasa umeenea katika miji mingi duniani, na ambao Nairobi iliuanza mwaka 2014: wiki ya migahawa. Kwa siku chache kila mwaka migahawa mingi ya mji mmoja hutoa mlo uliopangwa, kwa bei moja iliyotangazwa, chini ya bei ya kawaida. Mlaji hupata nafasi ya kukaa mahali ambapo siku nyingine angepita nje tu akiangalia taa. Mwenye mgahawa hupata watu. Kama anapata na fedha, hilo ni swali jingine, na ndilo ukurasa huu unalolishughulikia wiki hii. Mfanyabiashara wa kawaida huona foleni mlangoni akadhani ameona faida. Vitu hivyo viwili havifuatani kila mara.

Wiki hizi zilianzia New York, Julai 1992. Chama cha Democratic cha Marekani kilikuwa kinafanya mkutano wake mkuu katika ukumbi wa Madison Square Garden, mkutano uliompitisha Bill Clinton kuwa mgombea urais. Maelfu ya wajumbe na waandishi wa habari walikuwa wanaingia mjini katikati ya joto la kiangazi, wakati ambapo wenyeji wenye fedha huwa wamekwenda pwani. Watu wawili wakapata wazo. Mmoja ni Tim Zagat, ambaye yeye na mkewe Nina walianza mwaka 1979 kuchapisha kitabu cha kupima migahawa kwa maoni ya walaji wenyewe. Mwingine ni Joe Baum, mtu wa migahawa mikubwa, aliyekuwa nyuma ya Four Seasons iliyofunguliwa 1959 na Windows on the World iliyofunguliwa 1976 juu kabisa ya jengo la World Trade Center. Waliwashawishi wenye migahawa karibu mia moja watoe chakula cha mchana kamili kwa dola 19.92, yaani tarakimu za mwaka wenyewe.

Iliandaliwa iwe mara moja tu. Lengo lilikuwa wageni waondoke wakiusifu mji, na waandishi waandike vizuri. Lakini wenyeji wa New York ndio walioijaza migahawa, na kabla wiki haijaisha ilionekana wazi kuwa kulikuwa na wateja ambao siku zote walitaka kuingia na bei ndiyo iliyokuwa imewazuia mlangoni. Mwaka uliofuata bei ikawa dola 19.93. Mwaka 1994 ikawa dola 19.94. Mila ikawa imezaliwa.

Msomaji wa kurasa za biashara atauliza kwa nini migahawa ya kifahari ilikubali upesi hivyo. Sababu moja ni kwamba Marekani ilikuwa inatoka katika mdororo wa uchumi wa 1990 na 1991, na New York ilikuwa inajikongoja kuinuka. Sababu ya pili haitajwi sana, nayo ni ya kodi. Kwa miaka mingi chakula cha mchana cha Manhattan kililipwa na makampuni. Mkuu wa benki au wakili alimpeleka mteja wake kula, na kampuni iliitoa bili yote katika hesabu za mapato yanayotozwa kodi. Sheria ya kodi ya 1986 ilikata ruhusa hiyo, na kuanzia 1987 ni asilimia 80 tu ya bili iliyoweza kutolewa. Kuanzia 1994 ikashushwa tena hadi asilimia 50. Kwa hiyo wiki ya migahawa ilizaliwa katikati ya makato mawili, wakati ambapo mteja wa kulipiwa na ofisi alikuwa anapungua, na mgahawa ulihitaji kumzoea mteja anayelipa kutoka mfukoni mwake.

Bei kama tangazo

Dola 19.92 haikutokana na hesabu ya gharama. Hakuna mhasibu aliyekaa na bei ya nyama, siagi na gesi akafika kwenye tarakimu hizo. Ilikuwa tangazo: bei ambayo mtu akiisikia mara moja haisahau, na ambayo gazeti litaiandika bure kwa sababu inachekesha kidogo. Denver, ilipoanza wiki yake mwaka 2005, ilifuata akili hiyohiyo. Mji huo uko futi 5,280 juu ya usawa wa bahari, na mlo wa watu wawili ukawekwa kuwa dola 52.80. New York nayo, ilipokuwa inaomba kuandaa Michezo ya Olimpiki ya 2012, iligeuza bei ya mchana ikawa dola 20.12. Michezo ikaenda London. Mwaka 2006 mlo wa mchana ukapanda hadi dola 24.07, tarakimu za mji unaojisifu kuwa haulali, saa 24 siku 7.

Bei ya namna hiyo ina mtego wake. Kati ya 1992 na 2001 bei ya mchana ilipanda kwa senti moja kila mwaka, kutoka dola 19.92 hadi dola 20.01. Senti tisa kwa miaka tisa. Katika muda huohuo bei za walaji Marekani kwa jumla zilipanda kwa kama asilimia 26. Chakula cha dola 19.92 mwaka 1992 kilipaswa kuuzwa zaidi ya dola 25 mwaka 2001 ili mwenye mgahawa abaki palepale alipokuwa. Hata dola 24.07 ya mwaka 2006 ilikuwa bado nyuma, maana kufikia hapo mlo ule ulikuwa na thamani ya karibu dola 28.60. Na mwaka 2022, waandaaji walipoweka bei za ngazi tatu, dola 30, 45 na 60, ngazi ya chini ilikuwa bado chini sana ya dola 41 na ushee ambazo zingelingana na bei ya mwanzo.

Tofauti hiyo lazima ilipwe na mtu, na mara nyingi huonekana kwenye sahani. Walaji wa New York wamezoea kulalamika kuwa katika wiki ya migahawa wanapewa kuku au samaki aina ya salmoni, na kwamba anayetaka nyama ya ng'ombe iliyonona ataambiwa aongeze kidogo. Malalamiko hayo ni ya haki kwa mlaji. Kwa upande wa mwenye mgahawa ni kujinusuru. Bei ikifungwa, kinachobaki kuchezewa ni ukubwa wa kipande, aina ya nyama na urefu wa menyu. Anayejua kazi yake hupunguza urefu wa menyu kwanza na hagusi ladha. Asiyejua hupunguza kipande, na mteja mpya, ambaye ndiye aliyekuwa anatafutwa, huondoka akiwa amehakikisha kwamba mahali pale panasifiwa bure.

Kitu kingine ambacho tangazo halisemi kwa sauti ni kuwa bei ya New York haina ndani yake vinywaji, kodi wala bahashishi. Kodi ya mauzo ya mji huo ni asilimia 8.875. Mtu anayekula mlo wa dola 30, akaongeza kodi na bahashishi ya asilimia 20, anatoka amelipa dola 38.66 hata kama amekunywa maji ya bomba. Akiagiza glasi mbili za mvinyo, mgahawa umeanza kupumua. Kwetu mambo ni kinyume. Bei inayoandikwa kwenye menyu kwa kawaida imeshabeba VAT, kwa hiyo anayeiga tarakimu ya New York bila kuiga utaratibu wake anajipunja mara mbili.

Kalamu na karatasi

Tuchukue mfano wa kubuni, wa mgahawa wa viti 40 mjini Dar es Salaam. Januari, mwezi dume, ada za shule zimewamaliza watu, na Jumanne usiku wanaingia wateja 12. Mlo wa kawaida ni Sh. 30,000 na vyakula vinavyoingia jikoni kwa ajili ya mlo huo vinagharimu Sh. 10,000. Kwa kila mteja zinabaki Sh. 20,000 za kulipia pango, mishahara, umeme na faida kama ipo. Wateja 12 wanaacha Sh. 240,000.

Sasa mwenye mgahawa anaingia katika wiki ya migahawa kwa mlo wa Sh. 20,000. Anaupanga vizuri, anapunguza gharama ya vyakula hadi Sh. 8,000. Kwa kila mteja zinabaki Sh. 12,000. Ili apate zile Sh. 240,000 za Jumanne ya kawaida anahitaji wateja 20. Yaani wateja wanane wa kwanza wanaoongezeka hawamletei hata shilingi moja, wanamrudishia tu alichokitoa kama punguzo. Akiondoa VAT ya asilimia 18 iliyomo ndani ya bei zote mbili, kiasi kinachotakiwa kinakuwa wateja 21. Akiongeza mhudumu mmoja wa muda, gesi na ada ya kushiriki anayotozwa na waandaaji, anakaribia 23 au 24. Wakija 32, amefanya kazi nzuri. Wakija 18, amechoka bure, na jirani yake aliyebaki na wateja wake 12 amemshinda akiwa amekaa.

Vinywaji vinasaidia, lakini havisaidii kama watu wanavyodhani. Kila mteja akiacha Sh. 3,000 za ziada kwenye vinywaji, kiwango cha kurudisha gharama kabla ya VAT kinashuka kutoka wateja 20 hadi 19. Ni mmoja tu, kwa sababu wateja wa kawaida nao walikuwa wanakunywa.

Haya yote ni ya Jumanne. Tuipeleke hesabu hiyohiyo kwenye Jumamosi yenye wateja 34 waliokuwa tayari kulipa bei kamili. Wanaacha Sh. 680,000. Kwa bei ya wiki ya migahawa, viti vyote 40 vikijaa, zinabaki Sh. 480,000. Mgahawa umejaa mpaka mlangoni, mpiga muziki anashangilia, na mwenye mali amepoteza Sh. 200,000 kwa usiku mmoja. Ndiyo sababu Jumamosi haimo katika wiki ya New York, na Jumapili ni hiari ya mgahawa. Wageni hudhani ni ubahili. Ni hesabu tu: punguzo limewekwa pale viti vinapokuwa vitupu na kuondolewa pale vinapojaa vyenyewe.

Kwa sababu hiyohiyo tarehe zake si za bahati. New York huifanya mara mbili kwa mwaka, Januari hadi Februari baada ya watu kumaliza fedha za Krismasi, na Julai hadi Agosti wakati mji umehama. Neno wiki limebaki kwa mazoea. Ile ya kiangazi cha 2024 ilianzia Julai 22 ikaishia Agosti 18, majuma manne. Miji mingine ya Amerika Kaskazini iliyofuata imeshika kanuni ya kutafuta kipindi cha biashara kulala: Toronto ilianzisha ya baridi na ya kiangazi mwaka 2003, Chicago ikaanza 2008.

Hapa ndipo uigaji wa upofu unaweza kumwumiza mtu wa pwani yetu. Nairobi ilipoanza mwaka 2014, kwa maandalizi ya EatOut, kampuni ya kuwaongoza walaji kwenye migahawa, ilichagua mwanzo wa mwaka, na hilo lina mantiki. Wakenya wenyewe wameupa mwezi huo jina la Njaanuari. Dar es Salaam nayo Januari imekauka. Lakini Zanzibar, Januari na Februari ni msimu wa watalii, na mwenye mgahawa wa Mji Mkongwe anayepunguza bei miezi hiyo anamgawia mgeni fedha ambazo mgeni alikuwa tayari kuzitoa. Ukame wake uko masika, Aprili na Mei, wakati hoteli kadhaa za fukweni hufunga kabisa. Na popote wanapoishi Waislamu wengi, Ramadhani hugeuza saa za biashara juu chini, mchana unakufa na magharibi inajaa, tena mwezi huo unarudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Kalenda iliyochapishwa Manhattan haiwezi kumsaidia mtu hapo.

Mteja wa zamani na mteja mpya

Katika hesabu ya juu tulidhani kuwa wateja wanaoongezeka ni wapya. Mara nyingi si hivyo. Mteja wa kila mwezi akisikia punguzo linakuja wiki ijayo, ataahirisha kuja wiki hii, na baada ya hapo atakaa wiki mbili bila kuonekana kwa kuwa ameshakula. Mgahawa unaona umejaa wiki moja, kumbe umekusanya mauzo ya mwezi mzima na kuyauza kwa bei ya chini. Kipimo cha kweli hakiko kwenye wiki yenyewe, kiko kwenye daftari la mwezi unaofuata: wangapi kati ya waliokuja kwa mara ya kwanza wamerudi na kulipa bei kamili. Mwenye mgahawa asiyechukua majina au namba za simu za wateja hawezi kulijibu swali hilo, na kila mwaka atajiunga tena kwa kufuata mkumbo.

Wahudumu wana hesabu yao pia. Mhudumu wa New York hutegemea bahashishi, nayo hupimwa kwa asilimia ya bili. Bili ya dola 60 kwa asilimia 20 humpa dola 12. Bili ya dola 30 humpa dola 6, na sahani alizobeba ni zilezile, pengine zaidi. Kwa hiyo wiki ambayo tajiri wake anaiita ya mavuno, yeye anakimbia mara mbili ili apate kile alichopata jana. Kwetu bahashishi haina asilimia iliyozoeleka, lakini mteja wa punguzo huja na bajeti iliyobanwa, na mara nyingi mhudumu ndiye anayeionja bajeti hiyo. Meneja asiyewapa posho ya wiki hiyo asishangae wageni wapya wakihudumiwa kwa nyuso zilizonuna.

Nani analipa punguzo?

Uingereza ilitoa jibu la aina yake. Agosti 2020, baada ya migahawa kufungwa kwa ajili ya Covid-19, serikali iliamua kulipia nusu ya bili ya chakula na vinywaji visivyo na kileo, hadi pauni 10 kwa kila mtu, Jumatatu hadi Jumatano. Siku zile tatu zilichaguliwa kwa akili ileile ya viti vitupu. Zaidi ya milo milioni 160 ilidaiwa, na hazina ikalipa pauni milioni 849. Hapo mwenye mgahawa alipokea bei yake kamili, na mlipa kodi ndiye aliyebeba punguzo. Baadaye mpango ulilaumiwa kuwa ulichangia kueneza maambukizi, lakini kwa hesabu za biashara tupu ulikuwa ndoto ya kila mwenye jiko.

New York haikupewa zawadi hiyo. Januari 2021, kula ndani ya migahawa kukiwa kumepigwa marufuku, wiki ya migahawa iligeuzwa kuwa ya chakula cha kubeba, kwa dola 20.21. Tarakimu za mwaka zilirudi, na punguzo lilibaki begani kwa mwenye mgahawa kama siku zote.

Katika wiki ya kawaida wapo wanaofaidi bila kupunguza chochote. Shirika la utalii la mji hupata habari za magazetini na vitanda vya hoteli kujaa. Kampuni ya kadi hupata miamala. American Express imewahi kuwa mdhamini wa wiki ya New York, na haikufanya hivyo kwa kupenda supu. Kampuni za vinywaji nazo hupenda kuweka jina lake kwenye menyu, maana mlo ukishuka bei, fedha iliyobaki mfukoni mwa mteja inatafuta chupa. Mwenye mgahawa mwenye akili huliona hilo na kudai sehemu yake: mdhamini alipe matangazo, au atoe kreti kadhaa kwa bei ya chini, au alipie ada ya kushiriki. Wenye migahawa wadogo huona haya kuomba. Wakienda kumi pamoja wanasikilizwa.

Mwekezaji mdogo anayeshika hisa za kiwanda cha bia katika soko la Dar es Salaam au la Nairobi asichangamke kwa haya. Wiki moja ya migahawa kadhaa ya mjini haionekani hata kidogo katika hesabu za mwaka za kampuni ya ukubwa huo. Ushuru wa bidhaa unaotangazwa kwenye bajeti ya Juni unaionekana zaidi.

Wenye nafasi ya kufaidi kwa uhakika zaidi ni wale wasiotajwa kwenye mabango, yaani wauzaji wa vyakula. Siku za kawaida mgahawa wenye menyu ya aina 40 hununua kidogo kidogo: kilo mbili za kamba, kuku wanne, kisado cha nyanya, na baadhi huoza kabla havijaagizwa na mteja. Menyu ya wiki ya migahawa ina vitu vichache, pengine vianzio viwili, milo mikuu mitatu na kitu kitamu cha kumalizia. Meneja anajua tangu wiki iliyotangulia kuwa atahitaji kuku 150 na sangara au changu kilo 60, wa ukubwa mmoja. Anaweza kununua kwa jumla na kwa bei ya mapatano. Kinachookolewa kwa kutotupa chakula ndicho mara nyingi kinacholipia sehemu kubwa ya punguzo, na ndicho kinachowatenganisha waliofanikiwa na waliojutia.

Kwa mfanyabiashara wa Feri au wa Kisutu, au wa Marikiti kule Nairobi, oda hiyo ni nzuri lakini ina miiba miwili. Ukubwa mmoja maana yake samaki wadogo na wakubwa mno vinakataliwa, na lazima pawe na pengine pa kuwapeleka. Mwiba wa pili ni mkopo. Mgahawa unaolipa kila baada ya siku 30 utaomba utaratibu uleule kwa oda iliyo mara tatu ya kawaida, na muuzaji mwenye mtaji mdogo atajikuta ameuza sana na hana fedha ya kununulia mzigo wa kesho. Nusu ya malipo kabla, na iliyobaki siku tatu baada ya wiki kwisha, ni masharti ambayo meneja anayejua idadi ya wateja wake waliohifadhi meza anaweza kuyakubali. Anayekataa kabisa huenda hajui watakuja wangapi. Na mzigo wa Jumatatu inayofuata uagizwe kwa kipimo cha zamani, kwa sababu siku hiyo mgahawa unarudi kwenye kuku wanne na kilo mbili za kamba.